Kengele ya Mwisho Ikinyamaza

Sisi tuliokulia kwenye vumbi la huku Geita, kabla pikipiki hazijajaa kila kona, tunajua baiskeli ilikuwa nini. Ya baba ililala ndani ya nyumba, sisi tukalala na mbuzi. Kuipata mpaka mavuno yaishe, mzee amekunywa pombe ya mtama na moyo umelainika. Hufiki kwenye kiti? Unapitisha mguu chini ya bomba la katikati, unakwenda umejipinda kama mkia wa nguruwe, na bado unajiona bwana harusi.

Siku ile tulikuwa baiskeli nne, tunakwenda kwa shangazi yake Luhende, njia ya Chato, kula sato. Mbele Masalu, halafu Nkwabi, halafu Doto. Mimi nyuma kabisa, Luhende kwenye keria, amekumbatia mfuko wa michembe, viazi vikavu vya kumpelekea shangazi. Haraka ya nini? Tulisimama kuchuma matunda ya furu, tukasimama tena kumcheka Doto, mnyororo umemtafuna kaptula.

"Doto, hiyo nguo au nyavu?" Luhende akamuuliza. "Ukifika ziwani ingia tu majini, utatoka na dagaa."

Tulikuwa na sheria yetu. Masalu akipiga kengele, Nkwabi anajibu, Doto anajibu, mpaka mimi. Yangu ikilia, tupo wote, twende. Ikinyamaza, wote wanageuka. Mayu, mama yangu, alikuwa akisema, "Mmetoka pamoja, mrudi pamoja. Atakayerudi peke yake asije kwangu kula."

Sasa hapa simung'unyi maneno. Njia yetu ilikata kichaka, na katikati yake kulikuwa na duara, shimo la dhahabu, na aliyelichimba ni Mashaka, mtu wa kijijini kwetu. Dhahabu ilipomkatalia, hakulifukia. Akalifunika kwa fito na mabua, akamwaga udongo juu, wachimbaji wenzake wasilione. Balozi wetu wa nyumba kumi, Shigela, alilijua, akanyamaza. Masalu alipita juu yake, hakuona kitu. Nkwabi akapita, Doto akapita. Sisi tulikuwa wawili, tulikuwa wazito. Nikasikia fito zinalia, ardhi ikatuachia.

Baiskeli ilikwama katikati ya kuta, mimi nikaning'inia juu yake. Luhende alikwenda chini. Giza, harufu ya udongo mbichi. Nilipiga ukelele mmoja tu, ukuta mzima ukamwagika, nikamsikia anakohoa kule chini. Sikuthubutu tena.

Halafu nikasikia mbali: kengele ya Masalu. Ya Nkwabi. Ya Doto. Kengele yangu ilikuwa pale pale mkononi, na kidole changu kikaifuata chenyewe, mtu akizama hushika chochote.

"Acha!" Luhende akasema, sauti kama ya mtu aliyelaliwa na gunia. "Ukipiga watadhani tupo salama. Watakwenda."

Nikaondoa kidole. Jamani, mimi nimeona njaa, nimeona fisi, lakini woga kama ule sijauona. Unataka kuokolewa, na dawa yake ni kukaa kimya. Masalu akapiga tena. Wakajibu. Zamu yangu ikafika, nikauma meno. Mchanga unadondoka kidogo kidogo, na mimi nasikiliza pumzi za Luhende. Mara nasikia zake, mara nasikia zangu tu.

Walirudi. Wakapiga mwano, yowe la hatari, watu wakatoka mashambani na kamba za ng'ombe. Mimi nilitoka nikiwa hai. Luhende walimtoa jioni, wakamfunika kwa kanga ya mayu. Shigela akasimama mbele ya watu akasema ni kazi ya Mungu. Mungu ndiye aliyekata mabua?

Mashaka bado yupo, mzee wa mvi. Tukikutana gulioni anangoja nimwamkie. Shikamoo yangu hajaipata mpaka leo, wala hataipata. Wanasema sina adabu. Sawa.

Vijana wa siku hizi wanapanda pikipiki watatu watatu, vitu vya muziki masikioni, wa mbele hajui kama wa nyuma ameshaanguka. Nikiwaambia wapunguze mwendo wananijibu, "Babu, zama zako zimepita." Ni kweli zimepita. Maduara ndiyo yamebaki, na bado yanafunikwa kwa mabua. Zamani ukinyamaza, wenzako walirudi. Siku hizi ukinyamaza, wanadhani umefika.