Mayai Kwenye Tuta la Asumini

Uvundo ulianza wiki ya pili ya mvua ya masika, chini ya dirisha ninapokaa kushona kofia. Kwanza nilimlaumu paka. Nikazunguka nyumba nzima na ufagio nikitafuta mzoga, nikainua kila gunia, nikachungulia hata tangi la maji. Sikuona kitu. Nzi walikuwa wamejaa kwenye tuta langu la asumini, pale pale palipozoea kunukia hadi wapita njia wa kijiji chetu cha Bongwe wakawa wanasimama kunisalimu bila haja.

Nikafukua. Chini ya maranda ya mbao niliyokuwa nimetandaza kuzuia jua, kidole changu kiligusa yai. Jeupe, laini, halina ganda gumu, na chini yake lina uzi mweupe kama lililofungwa na mtu. Nikahesabu manane. Moja nililipasua kwa jembe, likatoka ute mzito na kitu cha kijani katikati. Nilitupa jembe, nikaingia ndani kunawa mikono mara tatu.

Sisi watu wa huku, yai likionekana ndani ya udongo wa mtu, hatuulizi kuku yuko wapi. Tunauliza nani amelizika. Na mimi jibu nilikuwa nalo, kwa kuwa yale maranda nilipewa na jirani yangu, ambaye mwanawe ana karakana ya useremala Ukunda. Mwanamke huyo ndiye aliyenichotea maji siku zote za eda yangu, miezi minne na siku kumi, nilipofiwa na mume wangu. Nilijua hilo. Lakini kichwa changu kikishapata moto hakisikilizi, nikawa najiambia kikulacho ki nguoni mwako.

Nikamwaga majivu, nikamwaga chumvi, nikamwaga maji ya moto mpaka shina moja la asumini likaungua. Uvundo ukazidi. Jirani akaniletea sahani ya mihogo ya nazi. Mihogo niliwapa kuku, na sahani nikairudisha tupu, jambo ambalo kwetu hata mtoto anajua ni tusi. Akaipokea, akaniangalia, akarudi kwake. Siku ya Jumatano nikampigia simu maalim wa chuo cha Kurani, nikamwomba anisomee halbadiri baada ya sala ya Ijumaa. Kisomo hiki cha kumwapiza aliyekudhulumu si cha mchezo; tumesimuliwa waliovimba matumbo na waliopofuka. Kwa kawaida mtu hatajwi, dua humtafuta yenyewe. Mimi nilitaja jina.

Ijumaa, nimemaliza kusali alfajiri, nilifungua dirisha nikaona yai moja limepasuka juu. Kichwa cheusi chenye ukijani kilikuwa kinachomoza, nacho kikipanda mbele ya macho yangu haya, jinsi maziwa yanavyopanda sufuriani. Nikatoka na kigoda changu. Shina likafuata, jeupe, limejaa vishimo. Kisha chini ya kile kichwa kikaanza kushuka kitu ambacho hadi leo nikikisimulia nywele hunisimama: wavu mweupe, tundu kwa tundu, ukishuka na kupanuka pande zote hadi ukakaribia udongo.

Mimi nashona kofia za viua. Kofia moja hunichukua miezi mitatu, nikizungushia uzi kila kitobo, na bado mteja hupata pa kukosoa. Hapa mbele yangu, kwa muda wa kuchemsha chai mara mbili, tuta lilikuwa limevaa nguo ya vitobo visivyo na idadi, na hakuna hata kimoja kilichoonyesha mkono wa mtu. Nilisema Subhanallah hadi sauti ikaniisha. Uvundo ulikuwa ule ule wa kutapisha, na nzi walishatua kichwani kula ule ute. Nikaendelea kukaa, kanga puani, machozi yakinitoka. Ulikuwa uyoga. Uyoga uliomea kwenye maranda yanayooza, na Mungu akauvika namna ile.

Hapo nikakumbuka siku ilikuwa ipi. Nilimpigia maalim pale pale.

"Maalim, tafadhali usisome."

"Kuna nini tena, mama?"

"Hakuna aliyenidhulumu. Nilikosea."

Kisha nikasimama kwenye ua nikamwita jirani. Alikuja mbio, akidhani nimeumia. Nilipomwonyesha, alichuchumaa taratibu, akajiziba pua, akasogeza uso karibu na ule wavu.

"Yarabi! Nani amekishona hiki, shoga yangu?"

Ningeweza kunyamaza. Angecheka, tungekunywa chai, mambo yangeisha. Sikuweza, mbele ya kitu kile.

"Nilikuta mayai yake udongoni nikadhani umeniroga," nilimwambia. "Leo ulikuwa usomewe halbadiri. Nilimpa maalim jina lako. Nimeshamzuia."

Hakuinua uso. Aliendelea kuutazama uyoga, na wavu wake ulikuwa umeanza kulegea upande mmoja kwa jua. 

"Nimekusamehe," alisema mwishowe. "Lakini niambie. Ulipoliona yai la kwanza, ulimfikiria nani kabla yangu?"

Nilitafuta jina lolote nimpe. Sikuwa nalo.