Isale Juu ya Kompyuta

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, sabuni tulikuwa tunaipangia foleni, lakini ofisi yetu ya kilimo pale Moshi ikaletewa kompyuta. Mtaalamu aliyekuja nayo kutoka Dar alitutangazia kwamba mkulima ataiuliza kwa Kiswahili chake cha kila siku, nayo itamjibu. Mimi mpiga chapa nilipewa kazi ya kuandika maneno ya wakulima kama yanavyotoka mdomoni. Bwana shamba, aliyewajibu watu miaka nenda rudi, akaambiwa anyamaze ili mashine ijaribiwe. Ujuaji mtupu.

Shangazi yangu akashuka kutoka Kibosho. Buni changa zilikuwa zinaota madoa meusi na kudondoka, na kahawa ndiyo iliyosomesha watoto wake tangu mume afariki. Alitaka kujua apige dawa gani kabla ugonjwa haujamaliza kihamba chote, shamba la ukoo lililozunguka nyumba yake.

Alianza kama anavyoanza mtu mwenye adabu. "Habari za hapa? Nyumbani hawajambo? Sisi huko juu tunaendelea, ila mvua imezidi." Nikaandika. Kioo kikajibu: SWALI LAKO LINA KOSA. RUDIA.

"Mama, nenda kwenye swali moja kwa moja," mtaalamu akasema.

Kumbe Kiswahili cha kila siku alichotutangazia ni cha watu wasiosalimiana. Nikafupisha mwenyewe: buni zinakuwa nyeusi, nipige dawa gani? Kosa vile vile. Shangazi akaaga kinyonge.

Kesho yake akarudi na jani la isale. Kwetu ukimkosea mtu, hata kama umemwaga damu, ukimpelekea isale hawezi kukataa kukusamehe. Ameambiwa ana kosa, basi amekuja kuomba radhi. Akaliweka juu ya mashine kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Nilitaka kulia kwa hasira.

Mtaalamu alicheka mpaka akavua miwani. Akaniamuru niandike swali tena. SWALI LAKO LINA KOSA. RUDIA.

Bwana shamba akainuka, akalichukua lile jani. "Nimelipokea mimi, mama," akamwambia shangazi, akavaa kofia, wakapanda wote Kibosho.

"Watu wenu wafundishwe kuuliza," mtaalamu akaniambia.

Huko juu bwana shamba aliitaja dawa hata kabla hajafika kwenye mti wa pili. Lakini mvua ya usiku ilikuwa imeshamaliza kazi. Buni zilikuwa zimelala chini, nyeusi tii, na shangazi akamuuliza kama kuna mtu mwingine ambaye yeye amemkosea, ampelekee isale.