Domitille na stensili tatu za mwisho

Mimi ndiye niliyemutafutia Domitille kazi. Mutu mwingine akikuambia alishinda kwa vidole vyake, umucheke. Vidole viko vizuri, sikatai, lakini mulango ulifunguliwa na mimi, Philémon wa Nyawera, mwenye miaka minne kamili ya shule kichwani.

Huyu mutoto wa dada yangu, Domitille nyumbani, Nabintu kwenye karatasi, maana serikali ilikuwa imetukataza majina ya wazungu na kutuita wote citoyen, raia, alikuwa daktilo, mupiga mashini, katika shule moja ya sekondari pale Muhumba. Alikuwa bado anajaribiwa. Jumatatu préfet, mukubwa wa shule, alimwambia: “Citoyenne, Ijumaa saa sita gari la wakaguzi linakuja kubeba liste ya wanafunzi watakaofanya mitihani ya Serikali. Likienda bila liste, na wewe unaenda.”

Muda ulitosha. Ulipotelea wapi? Niulize mimi, nilikuwako.

Asubuhi watu wanaimba na kucheza mbele ya bendera. Wakiisha kuimba, wanaingia kwa Domitille. Kando ya meza yake kulikuwa na kiti, na kwetu mutu hasemi shida yake kabla hajasalimia nyumba, watoto, ng’ombe, na ng’ombe za shemeji. Huyu anataka attestation, karatasi ya kushuhudia kwamba alisoma hapo, yule anataka barua. Na mimi? Mimi nilikuja tu kuangalia kazi niliyomupatia inaendelea namna gani. Saa moja. Haya, saa moja na nusu.

Domitille hakujua kukataa. “Dakika moja, papa,” anasema, anachomoa stensili kwenye mashini, anaingiza karatasi ya mutu, anapiga, kisha anarudisha stensili. Kumbe stensili, ile karatasi ya nta inayotobolewa na herufi ili roneo, mashini ya kuzungusha kwa mukono, izae kopi nyingi, ikishatoka hairudi sawa. Musitari unapanda juu ya mwenzake, majina mawili yanakaliana. Tupa, anza upya. Jumatano watu wakifunga biro, yaani ofisi, alikuwa ameharibu tisa. Zilibaki tatu, na liste ilitaka tatu.

Alhamisi nikafika, hakuna kiti.

“Domi, kiti iko wapi?”

“Iko kwa depo, tonton. Nilikipeleka mimi. Mutu mwenye kusimama anasalimia kifupi.”

“Weee! Mimi nilikutoa Walungu na matope kwa miguu!”

“Ni weye, tonton, aksanti. Salimia ng’ombe. Attestation zote ni kesho, saa sita ikishapita. Stensili ikiingia haitoke mpaka iishe.”

Hakuinua macho. 

Nilitoka na hasira, nikasimama dirishani nione atakavyoshindwa. Mwalimu Euphrasie aliingia, akatafuta mahali pa kukaa, akasalimia mpaka watoto, kabla ya ng’ombe akaenda zake. Siku hiyo Domitille alimaliza stensili mbili, majina arobaini kila moja.

Ijumaa, saa tano, ya tatu ikiwa nusu, préfet mwenyewe akaingia na karatasi mukononi.

“Citoyenne, piga hii barua. Sasa hivi.”

Dirishani nilikuwa namufanyia ishara: toa! toa, mujinga! Domitille akasimama, mikono nyuma.

“Citoyen préfet, nikiitoa hairudi, na hakuna ingine. Wewe uchague: barua ama liste?”

“Unanipatia amri?”

“Hapana. Ninakuonesha saa.”

Préfet aliitazama ile saa ya ukutani. Akatoka na karatasi yake.

Amekwenda kuandika barua ya kumufukuza? Domitille hakujua, na mimi sikujua. Kila gari likipita barabarani, mwana wa watu ananyanyuka nusu, anakaa tena, anapiga. Jina, tarehe, mahali pa kuzaliwa. Jina, tarehe.

Jina la mwisho likaingia. Roneo niliizungusha mimi, andika hiyo, wino mpaka kiwiko. Dereva wa wakaguzi, Isidore, alikuwa anapiga honi mulangoni kopi zikiwa bado mbichi. Akazibeba kwa ncha za vidole, gari likaenda.

Saa sita ikapita. Domitille akafungua mulango kwa wenye attestation, wote wamepanga foleni ukutani. Wa pili, nyuma ya mama mwenye kuku kwapani, alikuwa préfet na barua yake. Hakuna aliyethubutu kumutazama.

“Iko zamu ya nani?” Domitille akauliza, macho kwenye mashini.

“Ya huyu mama,” préfet akajibu.