Risasi Iliyoingia Vizuri

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mjukuu wangu. Mjomba Salimu alinikabidhi bunduki ya kuwindia ya marehemu babu, akaniuliza ni ya modeli gani na ni ya zamani kiasi gani. Sikujua. Hata hivyo nilikubali kumjibu.

Nakuandikia kwa haraka, unisamehe. Jana ulinitumia picha kutoka huko Area D, Dodoma mjini: bunduki kuukuu ya baba wa rafiki yako, kitako kimepasuka, chuma kimekuwa cheusi. Unasema simu yako imeilinganisha na picha nyingine, ikakupa jina na umri wake, na kwamba Jumamosi mtakwenda kuijaribu Bahi. Tafadhali, usimwambie mwenzako neno kabla hujasoma hadi mwisho.

Kijijini kwetu, kule milimani Kondoa, tuliomaliza kidato cha nne tulikuwa wa kuhesabika. Aliyesoma alikuwa msomaji wa kila kitu: dawa ya ng'ombe, barua ya baraza la ardhi, maandishi ya kwenye mashine ya kusaga. Watu waliniita Mwalimu, nami sijawahi kushika chaki. Jina lile lilikuwa tamu, likanivimbisha kichwa. Hakuna aliyewahi kunisikia nikisema sijui.

Mwaka ule nguruwe pori walishuka bondeni wakawa wanalaza mahindi ya Mjomba kama mkeka. Kibali cha bunduki alikuwa nacho, ila risasi za babu zilikuwa zimekwisha. Muuzaji wa silaha wa Dodoma mjini akamwambia, niletee modeli yake, nikupe risasi zake.

Basi nikaisugua kwa mafuta ya taa. Ikajitokeza alama iliyolika na nusu ya tarakimu za mwaka. Kwamba ni ya Kijerumani, hilo nililitambua. Shuleni nilikuwa nimewahi kuona picha ya bunduki ya Kijerumani katika jarida kuukuu. Komeo la kufungia risasi lilifanana, na kitako kilifanana. Nikataja modeli ile ya kwenye jarida.

"Una hakika, mwanangu?" Mjomba aliniuliza. "Kama huna, tuipeleke kwa afisa wa silaha. Wiki moja si kitu."

Hamisi, mwanawe, akacheka. "Baba, kwa wiki moja nguruwe watatuachia mabua. Mwalimu keshasema."

"Sijamuuliza nguruwe, wala sijakuuliza wewe. Namuuliza yeye."

"Nina hakika, Mjomba," nikasema.

Huyo Hamisi ndiye ninayetaka umjue. Tulitiwa jandoni pamoja, tukalala jamvi moja, tukala sahani moja. Alikuwa utingo wa lori la mahindi la Kibaigwa, na dereva wake alikuwa ameanza kumwachia usukani kwenye njia tupu. Ndoto yake ilikuwa leseni ya udereva tu. Alikuwa akishika sinia la ugali kwa mikono miwili, analizungusha na kupiga honi kwa mdomo, mpaka shangazi anamfukuza jikoni.

Hofu ilinianza tukiwa njiani kurudi na risasi. Nilikumbuka jambo. Bunduki ya kwenye jarida ilikuwa bapa chini, risasi zake zinakaa ndani ya mbao. Ya babu ilikuwa na kisanduku kilichotokeza mbele ya kifyatulio kama taya. Mjomba alikuwa ameketi pembeni yangu, ningemgusa bega tu. Lakini nikajiambia, risasi isipokuwa yake haitaingia, na hapo itakuwa imenisemea yenyewe, bila mimi kuaibika. Kuuliza si ujinga, wazee walisema. Mimi niliona ni ujinga.

Kumbe risasi iliingia. Iliingia vizuri kama mguu kwenye kiatu chake, nami nikashusha pumzi. Sote kijijini tuliamini hivyo, kwamba kilichoingia ndicho chenyewe.

Alasiri tukasimama kando ya shamba, Hamisi akalenga kichuguu. Mlio ulikuwa mkali, akayumba.

"Lo! Babu bado ana nguvu, kanipiga teke kama punda!"

Kisha komeo likagoma kufunguka. Akaligonga kwa kiganja hadi ganda likatoka, na nililiona: limevimba, na nyuma limekuwa jeusi kwa moshi. Mjomba aliliokota, akaligeuzageuza, akanitazama.

"Mwalimu, ndivyo inavyokuwa?"

Mwanangu, nafasi ya mwisho ilikuwa hiyo. Neno lilikuwa moja, na fupi.

"Ni kutu tu, Mjomba."

Hamisi akaweka risasi nyingine, akalaza shavu kwenye kitako. Safari hii chuma kilifumukia nyuma. Alikaa chini taratibu, mikono usoni, akauliza, "Mbona pamekuwa giza?" Jua lilikuwa bado kali.

Afisa aliyekuja kuichunguza bunduki alipima tundu la mtutu. Ilikuwa ya zamani kuliko nilivyosema, ya modeli iliyotangulia. Risasi yake ya asili ilikuwa nyembamba zaidi, tofauti ya unywele tu. Hiyo tuliyonunua inaingia bila taabu kule nyuma inakopakiwa, ila mbele njia ni finyu, na nguvu ikikosa njia inarudi kwa mwenye kufyatua.

Mjomba hakunigombeza. Hospitalini aliniambia, "Kila nilipokuuliza nilikuwa nakufungulia mlango utoke. Ukawa unaufunga mwenyewe." Sijasikia maneno mazito kuliko hayo.

Hamisi alipoteza jicho moja, na leseni hakuipata. Alihamia Bahi, akalima mpunga. Nilimfuata huko mara nyingi, nikapiga hodi, nami namsikia anaongea ndani. "Mwambie Mwalimu nimelala," anamwambia mkewe. Mke anatoka, ananiamkia kwa heshima, macho chini. Siku moja, sokoni Kibaigwa, mtu akanipa pole ya msiba. Msiba gani? Hamisi alikuwa amezikwa, na arobaini yake ilikwisha kusomwa. Hakuna aliyetumwa kuniambia.

Ndiyo maana nakuomba, mwanangu. Picha inakuonyesha sura ya bunduki; haikuonyeshi tundu la mtutu wake. Mwambie mwenzako asiweke risasi. Aipeleke polisi na kibali chake, ipimwe na mwenye vyombo vya kupimia. Akikucheka, mwache acheke. Na si bunduki peke yake. Katika kazi na katika nyumba yako, ukiulizwa usichokijua, sema hujui mapema, kabla sifa haijakuziba mdomo. Majuto ni mjukuu, na wewe mjukuu wangu sitaki uyarithi. Nipigie kabla ya Jumamosi, nisikie sauti yako.

Mola akulinde macho yako na ya wenzako, akujaalie ulimi mwepesi wa kusema sijui. Wangu ulikuwa mzito, ukanigharimu jicho la ndugu yangu, kisha ukanigharimu ndugu yangu.