Maji ya Ukuta wa Bwana Seif

Chokaa ikimwagiwa maji huchemka na kutoa mvuke wenye harufu ya mawe yaliyoungua. Hiyo ndiyo harufu ya Wete ya utoto wangu, mwaka mmoja wa Vita vya Pili vya Dunia, ambao Bwana Seif, mfanyabiashara wa karafuu, aliamua kuitengeneza upya nyumba ya ghorofa iliyojengwa na babu yake. Chini ilikuwa ghala, juu vyumba vya watu, na karafuu zilizolala humo miaka mingi zilikuwa zimenukia mpaka ndani ya boriti. Ukuta wa mbele ulikuwa umepasuka. Saruji haikupatikana kwa sababu ya vita, basi akaitwa Mzee Faki, mwashi aliyeijua chokaa kuliko mtu yeyote mjini.

Chokaa haitaki maji ya chumvi. Ukuta uliopigwa lipu kwa maji hayo hutoka jasho, na lipu hubanduka. Kwa hiyo Mzee Faki aliyaonja maji ya kila mchotaji. Alichovya kidole, akakilamba, akafumba macho kama anayesikiliza, ndipo akasema, "Mimina." Mama yangu alikuwa mmoja wa wachotaji wake. Alipougua homa, nilishika nafasi yake kwa kidebe changu. Nilikuwa na miaka kumi.

Ramadhani ikaingia. "Sasa sionji," alisema Mzee Faki, "nisije nikaiharibu saumu yangu." Akanigeukia mimi. "Wewe, Bi Time, umefunga?"

"Nimefunga, Mzee."

"Basi yatosha. Aliyefunga hasemi uongo."

Ilikuwa saumu yangu ya kwanza. Kisima cha maji matamu kilikuwa bondeni, mbali, na foleni yake haikwisha. Wanawake walinitania: "Huyu leo atafuturu adhuhuri!" Siku ya tatu, koo limenikauka na kichwa kinaniuma, nilikata njia nikaenda kisima cha pwani, karibu na nyumba, ambacho watu walikitumia kwa kukosha miguu tu. Hakikuwa na foleni. Wala sikuyaonja maji yale. Nami nilikuwa nimefunga.

"Ya wapi haya?" aliuliza Mzee Faki.

"Ya bondeni."

Akayamimina. Nikafanya hivyo siku nne mfululizo, na kila jioni alinipa tende mbili za kufuturia, akiniita mchotaji wake mwaminifu.

Ukuta ulikamilika kabla ya Idi, mweupe hata ukaumiza macho. Mvua za vuli zilipoanza, ulitoa unga kama wa muhogo, kisha lipu ikaanza kuanguka vipande vipande. Bwana Seif alimwita Mzee Faki mbele ya baraza iliyojaa watu.

"Mzee, ni maji gani uliyoitilia nyumba ya babu yangu?"

"Ulimi wake umekwisha kufa ganzi," mtu mmoja alisema, na wengine wakacheka.

Nilikuwa nimesimama pale, nimeshika ncha ya kanga ya mama. Mzee Faki aliniangalia mara moja tu. Kisha akasema, "Maji niliyapokea mimi, bwana. Kosa ni langu."

Mama aliuliza kwa nini najifunika kanga yake. Nilisema nasikia baridi.

Hakuitwa tena kujenga mjini. Alihamia Micheweni, akawa anachoma chokaa ya kuuzia mafundi wengine, na huko ndiko alikozikwa. Safari za kwenda Konde nilizifanya mara nyingi, na Micheweni si mbali na hapo, lakini sikufika kumtaka radhi. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenifikisha uzeeni.

Mwaka huu nyumba ile inakarabatiwa tena. Kijana anayesimamia kazi aliniita, kwa kuwa ni mimi niliyebaki ninayeikumbuka. Ukuta wa mbele umepigwa lipu mara nyingi tangu hapo, na chumvi bado inatoka.

"Mafundi wa zamani, Bibi," aliniambia, "hawakuyajua maji."

"Aliyajua," nilimjibu. Nikataka kuendelea, nikashindwa, kama nilivyoshindwa barazani. Ndiyo maana nimeyaandika haya, ayasome kabla hajaandika taarifa yake juu ya mafundi wa zamani.

Yeye ana kijimashine cha kupimia chumvi, hukichomeka majini, namba ikatokea. Mzee Faki alikuwa na ulimi wake, na mwezi ule mmoja aliutegemea wangu.