Mtoa Taarifa wa Saba

Nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi hapa Tunduma, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, simu ilipotetemeka mfukoni. Ujumbe ulitoka kwa kijana mwenye ofisi ya uwakala wa forodha karibu na mpaka: "Kaka, dada hatunaye tena. Presha. Tunamzika Alhamisi nyumbani Ihanda." Kinyozi aliniona nausoma mara ya pili, akauliza kama aendelee. Nikamwambia aendelee tu, maana msibani huendi na nusu ya kichwa. Nawaeleza haya wasomaji wangu ili mjue kwamba habari nzito haingoji mtu ajiweke sawa, na mimi siku ile sikuwa sawa kwa namna yoyote.

Alhamisi tukamzika kando ya mibuni ya baba yake. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, udongo ukatushika viatu mpaka kila hatua ikawa kazi. Mwongoza ratiba kila alipomtaja alisema "marehemu Daktari". Mchungaji naye akasema Daktari, na mwakilishi wa chuo alikofundisha akalitaja mara nyingi kuliko wote. Mama yake, mkulima wa kahawa ambaye hakuvuka darasa la nne, alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno hilo lilipotajwa, na sura yake kwa sekunde ile moja ilitulia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na wapishi. Nilijua kwamba marehemu hakulipenda neno hilo. Nilijua na sababu yake, na katika sababu hiyo mimi nilikuwa na mkono.

Alikuwa mwalimu wa falsafa katika chuo kikuu kimoja mbali na huku. Idara nzima, mwanamke alikuwa yeye peke yake. Aliwahi kunisimulia, kwa kicheko kisicho na raha, kwamba kila kikao kilipoanza mwenyekiti aliangaza macho mezani akitafuta wa kuandika muhtasari, na miaka yote ile macho hayo hayakuwahi kutua kwa mtu mwingine. "Nikiandika wanasifu mwandiko," alisema. "Nikisema, wanasubiri nimalize." Alikuwa na tabia ya kusema jambo zito kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, kwa hiyo wengi walikuwa hawashtuki mpaka wamefika kwao.

Tulijuana kwa ugomvi. Niliandika katika safu hii hii, nikijiona nimefikiri sana, kwamba watu wa kwetu wana mila nyingi lakini hawana mazoea ya kuhoji. Wakati huo yeye alikuwa likizo ya kuandika tasnifu yake ya udaktari, akimsaidia mdogo wake, yule kijana wa forodha, kujaza fomu za malori. Akanikuta kwenye mgahawa, gazeti amelikunja mkononi.

"Shikamoo kaka. Ni wewe uliyeandika kwamba huku tuna mila ila hatuna fikra?"

"Marahaba. Ni mimi."

"Ulizunguka wapi ukatafuta, ukakosa?"

Sikuwa nimezunguka popote. Niliandika nikiwa sebuleni kwangu, miguu juu ya stuli, na nadhani alilisoma hilo usoni mwangu. Akavuta kiti bila kukaribishwa, akaniambia Jumamosi niwe tayari asubuhi, twende Ivuna kwa gari la mdogo wake.

Anayefahamu Ivuna anajua joto la kule chini, na anajua wanavyochemsha maji ya chumvi kwenye karai pana juu ya kuni mpaka maji yaishe. Alinipeleka kwa bibi mmoja mchemsha chumvi, mwembamba, mwenye macho yaliyozoea moshi. Mimi, kwa kutaka kuonekana nami naweza kuuliza maswali ya falsafa, nikamuuliza bibi anajuaje kwamba chumvi imeiva. Akasema anaonja. Nikamuuliza, je, mtu mwingine akimwambia imeiva, atamwamini?

"Wewe ukiniambia imeiva, mimi nikaonja, nikaona kweli imeiva," bibi akasema, "hapo nimekuamini wewe?"

"Ndiyo, bibi. Si umekubali nilichosema?"

"Hapana, mwanangu. Hapo nimeuamini ulimi wangu. Hata ungenyamaza ingekuwa vilevile. Kukuamini wewe ni hivi: unasema imeiva, mimi naondoa kuni. Sijaonja. Ikiharibika, imeharibika kwangu." Akasogeza gogo moja kwa mguu, akaendelea kama anayezungumza na karai. "Ukimdanganya yule anayeonja, umesema uongo tu, basi. Ukimdanganya aliyeondoa kuni, huyo umemwibia."

Nilimgeukia mwenzangu. Alikuwa ameacha kuandika. Tukiwa njiani kurudi aliniambia kwamba mjadala huo huo, wa tofauti kati ya kuamini habari na kumwamini mtu, umejaza rafu nzima za maktaba yao, na kwamba waandishi kadhaa wenye majina makubwa hawajafika pale bibi alipofika akisukuma gogo. Wiki iliyofuata niliandika safu ya kujisahihisha, nikawa na adabu kwa miezi miwili hivi.

Bibi yule akawa sura nzima ya tasnifu. Na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Marehemu hakumwandika kama watafiti wanavyowaandika watu wa vijijini. Alimtaja kwa jina lake kamili, ndani ya hoja, kama anavyotajwa mwanafalsafa yeyote: bibi huyu anadai hivi, bibi huyu angewajibu wapinzani wake vile. Alimpinga mahali pawili, tena kwa ukali, kwa sababu alimheshimu. Mwishoni akamweka kwenye orodha ya marejeo, kwa kufuata alfabeti, katikati ya maprofesa wa Ulaya.

Watahini walipofika kwenye orodha ile, mmoja akauliza, "Huyu bibi amesoma wapi?" Jibu rahisi lilikuwepo, na wengi wangelitumia: kwamba Wagiriki nao wana mzee wao ambaye hakuandika kitu, na anafundishwa mwaka wa kwanza kila mahali. Yeye hakutaka kulitumia. Aliniambia, "Kama bibi wa Ivuna mpaka aombewe nafasi na Mgiriki, basi bado yuko nje." Akawajibu tu kwamba wasome hoja, kisha waseme imekosewa wapi. Hakuna aliyesema imekosewa. Barua ilikuja baadaye, fupi na ya upole: watoa taarifa hawawekwi kwenye marejeo. Wahamishiwe kwenye kiambatisho, wapewe namba. Akifanya hivyo tasnifu imepita.

Mkataba wake ulikuwa unaisha muhula ule. Bila udaktari usingeongezwa, na idara ingebaki bila mwanamke hata wa kuandika muhtasari. Akaja Tunduma. Tulikaa kwenye ofisi ya mdogo wake, madereva wa Zambia wakiingia na kutoka na makaratasi yao, wakisalimiana "mulishani" huku na huku, yeye barua iko mapajani.

"Kaka, wewe ni mtu wa kuandika," akasema. "Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Nilijibu nikiwa nakoroga chai. Sikuacha hata kukoroga. "Mpe namba," nikamwambia. "Pata karatasi yako kwanza. Ukishaingia ndani utamrudishia jina lake."

"Nikishaingia ndani nitakuwa mtu wa ndani."

Nikacheka, nikamwambia wanafalsafa mnapenda kujikwamisha. Akakunja barua. Kwenye fomu zile za forodha zilizokuwa mezani kuna mahali pa kuandika mzigo umetoka nchi gani, na huwezi kuvusha hata gunia moja bila kupajaza. Alipagusa kwa kidole, akasema kumbe chumvi ya bibi ina haki kuliko maneno yake. Kisha akarudi chuoni, akafanya nilivyomshauri.

Tasnifu ilipochapwa aliibeba akaenda nayo Ivuna peke yake. Yaliyotokea huko alinisimulia mara moja tu. Bibi alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakiweka mapajani, akasema, "Nionyeshe nilipo." Akafunuliwa kurasa za mwisho, akasomewa: mtoa taarifa wa saba, mwanamke, mchemsha chumvi.

"Wa saba," bibi akasema. "Hao sita walisemaje?"

"Walinieleza habari za kuni, bibi. Na za mvua."

"Na yale maneno yangu ya kuamini. Humu ndani anayesema ni nani?"

"Ni mimi."

Bibi akafunga kitabu akamrudishia. "Mimi kwako niliondoa kuni," akasema, akarudi kwenye karai lake. Mimi niliposimuliwa nilisema bibi atasahau, wazee huwa wanasahau. Hayo nayo yaandikwe upande wangu.

Alidumu chuoni miaka kadhaa akiwa Daktari. Wakati huo neno ujumuishi lilikuwa limeingia kwa kishindo. Zikafanyika warsha, yakabandikwa mabango, na picha yake ikawekwa kwenye kijitabu cha idara, ukurasa wa mbele, akiwa ameshika kalamu. Alipoomba fikra za watu wa huku zifundishwe kama falsafa na si kama mila, akakubaliwa kwa makofi, akapewa wiki ya mwisho ya muhula, ile ambayo wanafunzi wanajiandaa na mitihani na nusu yao hawaji. Alifundisha viti. Kila mwaka aliomba wiki ya pili au ya tatu, kila mwaka akaambiwa wazo lake ni zuri sana na litajadiliwa.

Nimelifikiria jambo hili tangu Alhamisi ile, na nalisema kwa uchungu. Wanaodhani kufungua milango ya elimu ni kuongeza sura kwenye picha wanajidanganya. Mtu hajaingia mpaka awe na uwezo wa kukuambia umekosea na wewe ulazimike kumjibu. Profesa aliyekufa zamani anaweza kumkosoa mwanafunzi wetu wa leo, kwa sababu jina lake liko pale na hoja yake inamsubiri. Mtoa taarifa wa saba hawezi kumkosoa yeyote. Maneno yake yamechukuliwa na yeye ameachwa nje ya mlango, na tunaita hiyo heshima kwa sababu tumemshukuru kwenye ukurasa wa shukrani. Vyuo vyetu vimejaa watu wa namna hii, na vimejaa akina dada wanaoandika muhtasari wa vikao ambavyo vinawajadili wao.

Wiki moja baada ya mazishi nilikwenda Ivuna. Niliona si sawa bibi asikie kwa watu wa mnadani. Nilimkuta ameacha kuchemsha, macho hayamruhusu tena, amekaa mlangoni kwa binti yake. Nikamsalimia, nikajitambulisha kama yule niliyekuja na mwalimu siku ile. Nikampa habari. Akauliza alikufa na nini, akauliza kazikwa wapi, akauliza kama mama yake yupo. Kisha akasema, "Alikuja tena. Mwaka jana. Nikamwambia binti yangu amwambie sipo. Alinisikia sauti, nilikuwa naongea humu ndani. Akakaa hapo nje mpaka gari lake likaja."

Hilo marehemu hakuniambia. Nikaona siwezi kuondoka nimelibeba. Nikamweleza bibi kwamba kumwondolea jina lake hakukuwa kwa akili ya mwalimu peke yake. Kuna mtu ambaye mwalimu alimwendea kuomba ushauri, na mtu huyo akamwambia ampe namba, na mtu huyo ndiye huyu unayeongea naye.

Bibi alinigeuzia macho yasiyoona vizuri. "Nilimuuliza," akasema. "Siku ile ya kitabu, alipokuwa anaaga. Nilimuuliza, nani kakwambia ufanye hivi? Akasema hakuna mtu, bibi. Nimefanya mwenyewe."

Mwanamke yule aliteseka miaka yake yote ya usomi kutaka kila aliyechangia wazo atajwe kwa jina. Jina moja tu ndilo alilolificha, na lilikuwa langu. Alilificha ili nisione aibu mbele ya bibi ambaye mimi nilikuwa nimeshamsahau, na kwa kulificha akafungiwa mlango akiwa nje, akisikia sauti. Ningeacha kukoroga chai siku ile nikamsikiliza, huenda angepoteza kazi, lakini angekaribishwa Ivuna. Mwenye kuombwa ushauri na mtu anayesimama peke yake asimjibu kwa haraka, kwa sababu atakayeishi na jibu hilo si yeye. Mimi nimejifunza hilo kwa gharama ya mwingine, na ndivyo wengi wetu tunavyojifunza.

Kabla ya kuondoka nilimwomba bibi ruhusa niandike jina lake katika safu hii, pamoja na hoja yake, lisomwe na watu wote. Nilidhani atafurahi.

"La nini sasa?" akasema. "Aliyelitaka alikuwa yeye. Wewe ulisema namba inatosha."

Ndiyo maana jina lake hamlioni hapa.