Miaka ishirini akilizunguka korongo, wivu unamla Musallam

Jua limeshagusa kilele cha mlima, lakini bondeni bado kuna kivuli. Musallam Abu Rashid amechutama mbele ya hema, kikombe cha chai mkononi, akimtazama mkewe akichora mchangani kwa kijiti.

Hamda anapanga safari ya Alhamisi. Wageni wanane kutoka Kairo watapita naye katikati ya Korongo la Ghurabi, nyuma ya mji wa bandari wa Nuweiba. Anavuta mstari mfupi unaoupasua mlima.

"Hapa tutapumzika. Hapa pana dimbwi, watavua viatu. Hapa wenye vitambi watapita kiubavu, na wasipopita tutawasukuma."

Kisha anachora mstari mwingine, mrefu, unaouzunguka mlima wote.

"Na huku ni wewe na ngamia, Baba Rashid."

"Najua," anajibu Musallam. "Huku ni mimi. Huku ni mimi siku zote."

Mwandishi huyu amekunywa chai ya hema hili kwa misimu mingi, lakini hajawahi kumwona mtu mzima mwenye mvi akiuonea wivu mstari wa mchangani.

Kazi ya Musallam ni ngamia. Anabeba maji, unga, mablanketi na mizigo ya wageni. Ngamia hawezi kupenya korongoni, kuta zimebanana mno, kwa hiyo yeye hutangulia kuondoka, akauzunguka mlima na kwenda kungoja kwenye mlango wa pili. Wageni wakitokeza hukuta moto unawaka na mkate umefukiwa kwenye majivu. Hiyo ndiyo kazi yake kwa karibu miaka ishirini, na katikati ya korongo hapajui.

"Nimewanywesha maji Wajerumani, Warusi, Wamisri wa kila mtaa," anasema. "Wote wamepita humo. Hata mwanamke mmoja mwenye goti la chuma alipita. Mimi ninayewabebea mablanketi sijapita."

Wageni humwonyesha picha kwenye simu zao. Yeye hugeuza uso na kujitia anakoroga moto.

"Nitazame picha za nini? Mtu mwenye njaa humwonyeshi picha ya pilau."

Zamani aliyewaongoza wageni mle ndani alikuwa Swelim, kaka yake Hamda. Swelim alipopata kazi bandarini, ilionekana wazi kwamba wanaume waliobaki hawalijui korongo. Wavulana wa huku hukua na ngamia. Wasichana ndio huwafuata mbuzi mle kwenye majani ya madimbwini, na Hamda alianza kuwafuata kabla hajaota meno ya ukubwani. Wazee walibishana, wakakubali: aongoze, mradi kabla ya magharibi awe amerudi nyumbani.

Tangu siku hiyo roho ya Musallam haijatulia. Jioni Hamda hurudi nyumbani, naye hubaki kambini na wageni.

"Mpaka walale ni Hamda hivi, Hamda vile. Wana utani wao, wanaangaliana, wanaangua kicheko. Nikiuliza, wananiambia, 'Aah, ungekuwepo ndani ungeelewa.' Na mkate wanakula wangu!"

Angeweza kumwomba mkewe ampitishe, yaishe. Lakini alijifunga mwenyewe. Siku wazee walipotoa ruhusa, alisimama katikati ya baraza la wanaume, kahawa bado mkononi, akaapa: "Mke wangu si wangu nikiingia humo nyuma ya mwanamke!"

Kiapo cha talaka mbele ya mashahidi hakitemwi kama kokwa la tende. Swelim alikuwepo, na kila wakikutana humkumbusha.

"Shemeji, korongo halijambo?"

"Nyamaza wewe, mla samaki wa bandarini."

Majira ya joto yaliyopita, wageni walipokuwa wameadimika, Musallam aliingia peke yake kwa siri. Aliishia kwenye tawi la korongo lisilo na njia, akahangaika na ukuta mpaka kucha zikavunjika, akatoka alikoingilia. Hakumwambia mtu. Anasema aliona aibu miezi mizima.

Asubuhi hii, baada ya kumaliza mistari yake, Hamda anakung'uta mchanga kwenye vazi lake na kusema bila kumtazama:

"Ule mguu niliuona."

"Mguu gani?"

"Wako. Alama yake mchangani, kwenye lile tawi la korongo lenye mtini, siku ya pili yake. Kisigino cha kulia unakiburuta. Mbuzi wenyewe wanakujua."

Musallam anageuka mwekundu mpaka shingoni. Hamda anaendelea, taratibu, kama anayepanga madumu ya maji.

"Uliapa hutaingia nyuma ya mwanamke. Basi Alhamisi tangulia mbele. Mimi nitakuja nyuma na wageni, nitakwambia kulia, nitakwambia kushoto. Swelim ndiye atakayewapeleka ngamia, nimeshamwambia."

"Swelim! Na ngamia wangu!"

"Ama Swelim na ngamia, ama wewe na ngamia. Chagua, baba."

Musallam anakunja uso, anapiga hesabu ya wivu wake, huu wa zamani na huu mpya. Hatimaye anasema: "Asimpande yule jike. Amkokote tu."

Hamda anawafuata mbuzi. Anapotokomea nyuma ya mwamba, mwandishi anamuuliza Musallam ni kitu gani hasa anakitaka mle ndani. Ni mawe tu, na mawe yamejaa hata hapa.

Anachungulia kwanza kama mkewe yuko mbali. Kisha anashusha sauti.

"Nikiwa nangoja kule mlango wa pili, kabla sijawaona, namsikia. Anacheka. Kicheko kikubwa, kinagonga kuta zote. Hapa nyumbani sijawahi kukisikia, wallahi. Akitokeza akaniona, anajifunika mdomo kwa shela, ananiuliza kama mkate umeiva."

Anamwaga machicha ya chai mchangani.

"Watu hawajui hata jina la baba yake, na kicheko wanapewa wao. Mimi napewa mbuzi na madumu."

Swelim ameshaeneza habari, na bandarini wanasema mzee atateleza dimbwini mbele ya wageni. Musallam anasema amesikia.

"Nitateleza. Nitajigonga kichwa, nitakwama pale penye vitambi," anasema. "Na anicheke. Anicheke mpaka tutoke upande wa pili."